Tikiti la Kromosomu Thelathini na Tatu

Benchi la mbele ya karakana ya Fundi Viti liliundwa kwa mbao za makochi yaliyoshindikana kutengenezwa, na wanywa kahawa walilikalia tangu siku ya kwanza kana kwamba wamelirithi kwa baba yao. Asubuhi hiyo Fundi mwenyewe alikuja na tikiti kubwa kwapani. Tangu mkewe afariki, kile kishamba cha nyuma ya karakana alimokuwa akilima matikiti kimeota magugu tu, na mbegu alizoziacha zililiwa na panya. Fundi alijiapiza kwamba msimu huu lazima kizae tena. Akalipasua tikiti kwa kisu cha kukatia ngozi. Ndani ni wekundu mtupu, na vipunje vyeupe vya hapa na pale. Akakibonyeza kimoja kwa ukucha, kikabonyea. Hakikuwa na kitu.

— Hili limehasiwa, alisema Wakili, ambaye sheria yote aliisomea hapo hapo benchini.

— Wapi. Hizo ni kromosomu, alisema Dawa, muuzaji wa duka la dawa. Vile viuzi vidogo ndani ya kila kiumbe, vilivyoamua wewe uwe na pua hiyo. Tikiti la kawaida linavyo ishirini na viwili, seti mbili. Hili wamelichanganya, lina seti tatu: thelathini na vitatu. Sasa ili mbegu itoke, seti zigawanywe nusu kwa nusu. Tatu utazigawaje?

— Kama kwa marehemu shangazi yangu, alisema Mjomba, muuza kahawa, huku akimimina. Watoto watatu, nyumba mbili. Mpaka leo hawasalimiani.

— Na binadamu je? aliuliza Wakili.

— Arobaini na sita. Kiazi kina arobaini na nane.

Wakili akaweka kikombe chini.

— Kiazi kinanizidi mimi?

— Mbili. Kuku ndiyo usiseme, sabini na nane.

— Kumbe yule jogoo wa mama mkwe ananitazama vile kwa sababu anajijua.

— Wingi siyo akili, ndugu yangu. Kuna jani moja la porini linapita elfu.

— Basi hilo ndilo linaloendesha dunia. Mimi nasema hata bei ya sukari linapanga lenyewe, sisi tunamlaumu mwenye duka bure.

Wakacheka. Fundi Viti hakucheka.

— Ya marehemu mke wangu yalikuwa na mbegu nyeusi, alisema. Unatema, inagonga ukuta unaisikia.

Kicheko kikapoa.

— Shemeji alikuwa anatukatia hapa hapa, jua limekaza, alisema Dawa. Halafu tunashindana kutema. Mimi nilifikisha kwenye ule mlango.

— Nilifikisha mimi, alisema Wakili, wewe ulijitemea shati.

— Aliwashinda wote, alisema Fundi. Kisha anajifuta mdomo kama si yeye.

— Na mwisho wa msimu? alisema Mjomba. Anachagua tikiti tamu kuliko yote, anaanika mbegu, kila mtu na kifurushi chake. “Ukapande kwako, shemeji.” Hakumsahau hata mmoja.

Fundi aliuona tena ule mkono wenye harufu ya tikiti ukigawa vifurushi. Akamkumbuka mkewe kwa uchungu kama vile amezikwa jana.

Mwanamke mmoja aliyeleta kiti chake kishonwe alikuwa amesimama kando, kipande cha tikiti mkononi.

— Samahanini, wazee wangu. Hizo mbegu alizowagawia, nani alizipanda?

Fundi hilo halikuwahi kumjia. Akawageukia mmoja mmoja, matumaini yamemjaa usoni wala hakuyaficha. Wakili akainamia viatu vyake. Dawa akavua miwani, akaanza kuifuta, na ilikuwa safi. Mjomba akalitikisa birika, akasema kahawa imekwisha, ingawa kila mtu aliisikia ikicheza ndani.