Heringi wa Ijumaa: Maisha ya Mama Fira Koifman

Fira Naumovna Koifman alizaliwa Odessa, mtaa wa Moldavanka, tarehe 9 Machi 1934, mtoto wa kwanza wa Naum, fundi viatu, na mkewe Brana. Mwaka 1941 baba yake alikwenda vitani asirudi. Brana akawachukua Fira na mdogo wake Senya, wakakimbilia Tashkent, na ndani ya furushi lao mlikuwa na kisu cha kukatia heringi, samaki wa chumvi. Heringi mwenyewe hawakumwona tena hadi vita vilipowapa njia ya kurudi. Ijumaa ikifika, mkesha wa Sabato yetu Wayahudi, Brana alikatakata kitunguu na mkate mkavu, akawaambia wanawe wafumbe macho, samaki yumo. Senya alifumba. Fira hakufumba, na tangu hapo hakuwa mtu wa kudanganywa kwa chakula.

Walirejea Odessa mwaka 1944. Alisoma hadi 1952, kisha akashona kofia katika karakana moja ya mjini mpaka alipostaafu mwaka 1989. Ulimi wake haukuwa na mfupa, na wakubwa wa kazi walipita mbali na meza yake.

Tarehe 16 Juni 1957 aliolewa na Zyama Koifman, fundi umeme wa bandarini, wakajaliwa binti mmoja, Inna. Kila Ijumaa mezani pao palikuwa na forshmak: heringi wa chumvi aliyelowekwa kwenye maziwa, tufaha kali, kitunguu, yai la kuchemsha na mkate, vyote vimekatwakatwa kwa kisu kile kile cha Brana. Inna alipomletea mashine ya kusagia, mama aliizungukia akauliza, "Hii inamtafunia nani? Mimi meno ninayo bado." Mashine ikaishia kuzuia mlango wa stoo. Zyama alipofariki mwaka 1998, Fira aliendelea kutengeneza ya watu wawili, na fungu la pili akampelekea jirani yake Polina.

Vuli ya 2005 moyo na figo vilianza kumsumbua, na daktari akapiga marufuku chumvi. Kisu kikawa cha Inna. Alimloweka heringi, akamwaga maziwa, akamloweka tena na tena, mpaka samaki akabaki jina tu. Mama alionja, akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, hii ni ya Tashkent."

"Daktari kasema, Mama."

"Daktari hakuwako Tashkent. Nipe ya kweli, hata kijiko kimoja."

Inna alikataa, maana alitaka mama afike Pasaka. Alikataa majira yote ya baridi, na mama akaacha kugomba, jambo lililomtisha Inna kuliko ugonjwa wenyewe. Jumatano wiki hii alishindwa, akamwahidi ya Ijumaa, yenye chumvi. Mama aliuliza tu kama tufaha lipo. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 16 Februari 2006, Fira aliaga dunia, heringi akiwa bado kwenye maziwa. Ahadi hiyo imemkaa Inna kooni kama mwiba wa samaki.

Leo ni Ijumaa. Kwa desturi yetu, mfiwa akitoka makaburini hali chakula chake, hulishwa na majirani. Basi asubuhi Inna alimpelekea Polina samaki, tufaha na kisu, akamwomba asimloweke zaidi.

Marehemu ameacha binti yake Inna, mjukuu wake Lyonya, na ndugu yake Senya wa Haifa, ambaye ndege haikumwahisha mazishi. Kwenye simu alilia, kisha akauliza kama leo samaki yumo.

"Yumo, Mjomba," Inna alimjibu.

Nafsi yake na ifungwe katika furushi la uhai, ipumzike kwa amani.