Maisha ya Dada Yetu, Aliyeomba kwa Jina Lake Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, nasoma kwa niaba ya familia, mimi niliyeachiana ziwa na marehemu, na tarehe zote nimezitoa katika madaftari yake, kwa kuwa yeye hakuamini habari isiyo na tarehe.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1983, katika zahanati ya wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa mataa na mshona sare, akasoma shule ya msingi jirani na karakana ya baba kuanzia mwaka 1990, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2007 akapata shahada ya kwanza ya sayansi ya mimea.

Tarehe 2 Januari 2008 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika idara ya magonjwa ya mimea, akajiendeleza huku anafanya kazi, na tarehe 25 Novemba 2016 akatunukiwa shahada ya uzamivu kwa utafiti wa maharage yasiyooza mizizi.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 2011 na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa binti mwaka 2013 na mwana mwaka 2017.

Mfuko wa watafiti chipukizi hupokea maombi kwa miaka minane tu baada ya uzamivu, na dada aliomba mara sita. Ombi la kwanza lilirudi kwa sababu hakuwa na maabara yake, akaenda kwa mkuu wa idara kuomba chumba, akajibiwa kwamba vyumba ni vya wenye ruzuku. Mara mbili alishauriwa jina la profesa wake litangulie kwenye ombi, akakubali, kazi ikafanyika, na alipoomba tena peke yake wakaguzi wakauliza yeye hasa alifanya nini. Likizo yake ya uzazi ilihesabiwa ndani ya ile miaka minane.

Kwa kukosa jokofu kazini, mbegu alizihifadhi nyumbani, na mwaka 2018 mama mkwe alipokuja kumsaidia kulea alizipika, mavuno ya misimu mitatu, akalalamika mezani kwamba maharage ya wasomi ni magumu kama kokoto. Dada alimaliza sahani yake, akaenda kuandika daftarini kwamba sampuli zimepotea, na penye sababu akaandika neno moja, mkwe. Mama mkwe huyo yupo nasi hapa, na ndiye aliyetaka hili lisomwe.

Alianza kuumwa tumbo Februari 2024, na tarehe 9 Mei ikathibitika ni saratani ya kongosho. Tarehe 20 Agosti alipata barua kwamba ombi lake la sita limefika hatua ya mwisho, akaenda kwenye usaili akiwa amevaa gauni lililopunguzwa na mama yetu, akarudi anacheka, akatuambia kwamba kwa mara ya kwanza wamemuuliza kuhusu maharage. Baada ya hapo mfuko ukataka hati ya daktari kwamba ataweza kuongoza kazi kwa miaka mitatu. Sisi ndugu tulimsihi daktari aandike, tukamsihi vibaya, hadi dada mwenyewe akatuita kitandani, akasema asiandikiwe asilokuwa nalo. Ombi lilirudi tarehe 11 Oktoba kwa maelezo kwamba nyaraka hazikukamilika, na tarehe 25 Novemba muda wake wa kuomba ukaisha.

Alifariki tarehe 19 Januari 2025, saa nane mchana, mumewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliowapeleka watoto shule, na wenzake wa maabara wanaoendelea kumwagilia vitalu vyake bila kutumwa na mtu. Tunamshukuru daktari wake kwa miezi minane ya matibabu, na kwa hati ile ambayo hakuiandika, na mbele yenu nyote tunamwomba radhi.

Dada, kazi umeifanya. Pumzika sasa.