Kimo cha Koti la Marehemu

Jana jioni mjukuu wangu alinisimulia aliyoyasikia kwenye basi. Mjane mmoja alikaa karibu na fundi seremala asiyemjua, akamwomba ushauri. Anageuza chumba kidogo kiwe cha nguo, ila mwanawe anataka makoti ya marehemu baba yake yagawiwe.

"Koti refu kuliko yote lina kimo gani, mama?"

Mama akasimama, akainua mkono juu ya kichwa chake. "Linafika hapa."

"Aa, mama! Hicho ni kimo cha mtu, si cha koti."

Abiria wakacheka. Mkono haukushuka.

Fundi akachomoa futi, akapima mpaka pale mkononi, akaandika nyuma ya tiketi. "Bomba la kutundikia likae hapo. Mwanao akibisha, mwambie fundi kasema."

Mama akaikunja tiketi kiganjani, akaegemea dirisha, usingizi ukamchukua.