Mama Zipu Anakabidhi Funguo za Stoo ya Kamera

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mama Zipu atakabidhi funguo za stoo ya vifaa baada ya kuitumikia studio yetu kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Jina lake kamili limo kwenye barua yake ya ajira, lakini ukiliita hapa kazini hakuna atakayegeuka, naye mwenyewe huenda asigeuke.

Wengi wenu mnamjua kama mfungaji wa mizigo ya kamera kwa ajili ya harusi za safari, zile ambazo maharusi huamua kuoana mbali na kwao, kisiwani au milimani, na wapiga picha wetu huwafuata huko. Wachache wanajua kwamba hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Aliajiriwa kupiga deki.

Wiki yake ya pili aliwakuta wapiga picha wakijiandaa kusafiri. Lenzi walikuwa wamezifunga kwa taulo na kuzisukumiza ndani ya sanduku la nguo. Akaegemeza fagio ukutani na kusema, bila kuulizwa na mtu, "Mimi hata mayai siyabebi hivyo."

Mwanzilishi wa studio alikuwepo. Hakukasirika. Alimuuliza tu, "Wewe ungebebaje?"

Akaomba apewe mpaka kesho. Mume wake ni fundi cherehani, na usiku ule godoro la wageni nyumbani kwao lilipungua upande mmoja. Asubuhi alifika na begi lenye vyumba vya sponji vilivyofunikwa kwa kitambaa cha bitana ya koti, kila lenzi na chumba chake. Begi lile lilisafiri miaka kumi na minne. Kazi ya kupiga deki akapewa mtu mwingine.

Asije mtu akadhani hakuwahi kukosea. Mwaka wake wa sita, alfajiri, gari la wapiga picha lilikwisha kuondoka kuelekea harusi ya kwenye mji wa milimani. Alipofungua stoo aliiona chaja ya betri bado imechomekwa ukutani, taa yake ya kijani inawaka. Harusi ilikuwa kesho yake saa sita mchana. Angeweza kunyamaza, maana waliofunga mizigo siku ile walikuwa watatu. Alipanda ngazi hadi ofisini kwa mwanzilishi na kusema, "Nimekosea mimi, na nitaipeleka mimi."

Alipanda basi, akabadilisha basi, na kipande cha mwisho alikimaliza ndani ya lori la kabichi, chaja ameikumbatia kifuani. Alifika saa nne asubuhi, bibi harusi akiwa bado anasukwa nywele. Aliikabidhi, akakataa chai, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya jiko la hoteli na kulia. Aliyenisimulia ni mpiga picha wetu mkuu, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanagenzi. Alimfuata kumfariji, akaambiwa arudi kwenye kazi yake kwa sababu mwanga wa asubuhi haumsubiri mtu.

Tangu siku ile alibadilisha namna yake ya kukagua. Sisi wengine huangalia begi kuona kama limejaa. Yeye hulifunga, halafu hulipa mgongo na kukagua stoo: rafu moja moja, soketi moja moja, anatafuta kilichobaki. Huwezi kuona kilichosahaulika kwa kutazama ndani ya begi, husema. Akisharidhika ndipo mnasikia zipu zikifungwa mfululizo, zote kumi na moja, na ndiyo asili ya jina lake.

Ni mtu wa masharti, tukubali. Haazimishi kitu. Ukivuta zipu kwa hasira atakuambia uende ukanywe maji kwanza. Betri hupanda ndege mkononi, hazikai kamwe kwenye sanduku linalokwenda chini, na mjadala haupo. Hunyanyua sanduku kwa mkono mmoja na kutaja kilo zake. Tulimbishia mara moja, tukapeleka sanduku kwenye mizani, nayo ikasoma vilevile. Na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu ambavyo huviweka kando ya lenzi, vyote ameviandika kwa mkono wake SI SUKARI, baada ya msimamizi mmoja wa bwana harusi kukipasua kimoja juu ya kikombe chake cha chai. Kiliwahiwa.

Binti yake alipojifungua pacha, Mama Zipu alichukua likizo ya wiki tatu. Tukasema, kufunga mizigo ni nini? Tukafunga wenyewe. Tulifika ufukweni na stendi tatu za kamera na hatukuwa na kibati hata kimoja cha kuishikiza kamera juu yake. Tulikuwa pia na mwavuli wa mvua badala ya mwavuli wa taa. Alipokuwa likizoni hatukumwambia. Aliporudi alizunguka stoo mara moja tu, akajua.

Lakini ningeandika kurasa kumi na kuacha harusi ya muuguzi, ningekuwa sijaandika kitu.

Miaka mitano iliyopita alikuja hapa dada mmoja muuguzi, anaolewa. Baba yake alikuwa mgonjwa sana. Madaktari walimruhusu kusafiri siku mbili, si zaidi, na mzee alikuwa ameomba jambo moja: harusi ifanyike kwenye hoteli ya mbali alikopika ujana wake wote. Tarehe ya harusi ikaletwa mapema kwa mwezi mzima. Tulijua hakuna kuahirisha.

Siku ya safari Mama Zipu alimpa mpiga picha mkuu sanduku kubwa, kisha akamwongezea kibegi kidogo cha kupakata: kamera moja, lenzi moja, betri mbili, kadi nne. Mpiga picha akagoma. Kila kitu kimo kwenye sanduku, alisema, na huu mgongo una miaka arobaini.

"Mgongo utapumzika ukirudi," Mama Zipu akamjibu. "Harusi hairudi."

Alikibeba huku ananuna. Ndege ilipotua, sanduku kubwa halikuonekana. Lilikuwa limeelekezwa nchi nyingine na lilirudi siku nne baadaye, halijaguswa. Mpiga picha alisimama mbele ya ule mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa, kibegi begani, kisha akanipigia simu. Mimi ndiye mhariri wa picha hapa, nilidhani ananipigia kulalamika. Aliniambia tu, "Mwambie mama nimekishika."

Kwa lenzi ile moja hukuweza kupiga picha ukiwa mbali. Ilimlazimu asogee, akae karibu na watu hadi wamzoee. Ndiyo sababu alikuwepo, hatua mbili tu, mzee alipoomba ainuliwe kitini ili amrekebishie binti yake shela. Ilimchukua muda, na binti aliinama, akasubiri bila kumsaidia. Nimehariri picha nyingi katika maisha yangu. Ile niliifungua, nikaiangalia, sikugusa kitu.

Mzee alifariki siku kumi na tisa baadaye.

Miezi mitatu ikapita, muuguzi akaja studio. Mpiga picha alimwambia ukweli kuhusu kibegi, na jinsi alivyokikataa. Akauliza kama anaweza kumwona aliyekifunga. Nilimpeleka stoo mimi mwenyewe. Mama Zipu alikuwa sakafuni anakata sponji. Alimfutia vumbi sanduku moja akae. Kisha Mama Zipu akamuuliza, "Baba alikula siku ile?"

"Alikula," muuguzi akajibu. "Aliomba aongezewe."

"Vizuri."

Walikaa pale karibu saa nzima. Nilirudi kazini kwangu, na mengine waliyozungumza ni yao.

Sasa macho ya mume wake yamechoka, hayaoni tena tundu la sindano, na binti yao amewaomba wahamie kwake. Mama Zipu ameona wakati umefika. Nafasi yake inachukuliwa na dada aliyefanya kazi duka la dawa kwa miaka tisa, aliyechaguliwa na Mama Zipu mwenyewe kwa sababu, kwa maneno yake, huyu alishazoea kwamba kosa lake litamuumiza mtu mwingine. Amemfundisha miezi minne. Wiki iliyopita alimwacha afunge peke yake, naye akakaa nje ya mlango, mikono ameikunja mapajani. Sijawahi kuona mtu akipata tabu vile kwa kukaa tu.

Nilipokuwa natayarisha jarida hili nilipekua kumbukumbu zetu zote nikitafuta picha yake. Katika miaka ishirini na tisa nilipata kiwiko kimoja, pembeni, nyuma ya stendi. Basi Jumanne tulimleta chumba cha picha pamoja na mzee wake. Mzee alivaa suti aliyoishona enzi za macho yake. Mpiga picha mkuu alipiga mwenyewe, alichukua muda wake wote, na hakuna aliyemharakisha. Ndiyo mnayoiona kwenye jalada.

Mama Zipu, kwa kila harusi uliyoilinda bila kualikwa, tunasema asante. Nenda salama wewe na mzee. Wajukuu wawachoshe vizuri, afya iwe nanyi, na siku mtakapohama, tafadhali sana, keti kwenye kiti uwaache watu wengine wabebe.