Kovu Lilitangulia Kidonge

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza binti yetu, familia imepewa nafasi ya kusoma maisha yake, na kwa kuwa maisha yenyewe yalikuwa mafupi, tunaomba yasikilizwe hadi mwisho bila kunong'onezana.

Marehemu alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 2010, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yake, fundi cherehani, na baba yake, dereva wa lori, akiwa na sauti ambayo mkunga alisema ingemtosha mnadi wa sokoni. Nyumbani aliitwa Hakimu, kwa sababu tangu akiwa na miaka minne ugomvi wote wa watoto wa uani uliletwa kwake, naye alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasikiliza pande zote mbili, akatoa hukumu, na rufaa hakuna.

Alianza darasa la kwanza Januari 2017, katika shule iliyo nyuma ya gereji, akapenda hesabu, akachukia mbio, akafika darasa la saba, lakini asubuhi ya mtihani wa mwisho ilimkuta hospitali, amelazwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Kuhusu kazi, hakuajiriwa popote, ila kila jioni alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama, akishona vifungo na kufumua mishono iliyokosewa, na mteja mmoja alipolalamika kwamba gauni lake limepungua, Hakimu alimwambia, "Gauni liko vilevile, shangazi, kilichosogea ni wewe," mteja akacheka mpaka akaagiza la pili.

Kuhusu ndoa na watoto, marehemu alikuwa na miaka kumi na minne, tunapita.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Juni 2019 mama alikuwa anampima sare mpya, tepu ikaonyesha kiuno kimeongezeka ilhali mikono imekonda, na kila asubuhi mtoto aliamka macho yamevimba. Alimpeleka zahanati, akaambiwa ni mzio wa vumbi la vitambaa, akarudi, akaambiwa hivyohivyo, akarudi tena, akaulizwa kama yeye ndiye daktari, wala hakuna aliyempa mtoto kikopo akaleta mkojo. Ilipofika Februari 2020 mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni na rangi ya chai ya rangi, presha ya mtoto imekuwa ya mtu mzima, na katika hospitali kubwa daktari wa figo za watoto alitoa kwa sindano kipande kidogo cha figo kikapimwe. Majibu yalitoka tarehe 18 Februari, yakaonyesha kwamba kovu lilikuwa limeshaanza kuota, na kidonge cha kwanza Hakimu alikimeza tarehe 19. Tunaomba tarehe hizo zisikilizwe kwa mpangilio wake.

Daktari alieleza kwamba chembe za kinga, zile tunazoziita askari wa mwili, zilikuwa zimevamia figo za mtoto, zikagoma kuondoka, na kwa kukaa humo zikawa zinachochea chembe nyingine zitengeneze nyuzi za kovu mahali palipotakiwa kuwa laini. Hakimu, ambaye hakukubali jambo kabla ya kuhoji, alisema, "Lakini daktari, kama wanaziba palipoumia, kosa lao liko wapi?" Daktari akamjibu kwamba figo ni chujio, na mtoto akamalizia mwenyewe, "Aa, kumbe wametia kiraka kwenye chujio, sasa chai itapita wapi?" Daktari aliacha kuandika.

Vidonge vilikuwa vya kuwatuliza askari hao, vikamviringisha uso, wenzake wakamwita Puto, na hapo washauri wakajaa mlangoni kwa mama. "Wifi, mtoto kinga imeshuka, mpandishie," alisema mmoja, ameleta unga wa mizizi kwenye kopo, na mwingine akasema, "Hizo za hospitali ndizo zinazomla." Mama alipokea kopo kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka juu ya kabati, akaendelea kumpa mtoto vidonge kila baada ya chakula, kwa sababu kinga ya Hakimu haikuwa imeshuka, ilikuwa imepanda na kumgeuka mwenyewe, na moto hauzimwi kwa kuongezewa kuni.

Vidonge vilimpunguzia uvimbe na kumrudisha darasani, ila kovu halifumuliwi kama mshono. Septemba 2023 figo zilishindwa kabisa, akaanza mashine, na tarehe 2 Novemba 2024, saa kumi alasiri, moyo wake ulisimama akiwa kitandani hapohapo kwenye mashine, mama amemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya damu na dripu.

Tangu siku hiyo imesemwa kwenye viti vya nyuma, imesemwa jikoni, imesemwa na watu walioshika vikombe vya nyumba hii, kwamba mama amemmaliza mwanawe kwa vidonge. Baba mdogo, kwa nia njema, alishauri tuandike tu kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, yaishe. Familia imekataa, kwa sababu hayataisha, yatahamia kwa mama na kukaa naye maisha yake yote. Kovu tarehe 18, kidonge tarehe 19. Aliyechelewa si mama, kilichochelewa ni kikopo cha mkojo.

Tunamshukuru daktari wa figo, wauguzi wa chumba cha mashine, walimu, madereva wenzake baba, mafundi waliomalizia kazi za mama bila kuombwa, na majirani wote, hata wale waliosema, kwa kuwa viti mlivyokalia ni vya kwenu na mlivibeba wenyewe. Tuna ombi moja tu, kwamba maswali yakome hapa, kwa maana tangu Jumamosi mama anajibu, na bado hajapata nafasi ya kulia.

Mdogo wetu, lala kwa amani.