Mwalimu Tuy na Fimbo ya Nyumba ya Mzee Lữ

Wazee wetu, majirani, wanafunzi wa marehemu mliofunga vitambaa vyeupe vichwani, na wewe Bi Sương uliyechagua kukaa nyuma karibu na mlango ingawa tulikuwekea kiti mbele, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mtuvumilie, kwa kuwa historia hii haitafanana na ile mliyozoea kuisikia shuleni kwetu kila mwaka.

Marehemu Đinh Khắc Tuy alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika kitongoji cha Gò Sim, wilaya ya Tây Sơn, mkoa wa Bình Định, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Đinh Khắc Bảo, mfugaji wa bata, na mjukuu wa Mzee Đinh Khắc Cần, naye mfugaji wa bata, ambaye maisha yake yote hakushika fimbo kwa kazi nyingine isipokuwa kuwaswaga hao bata. Picha ya babu huyo mmeiona wote madhabahuni pa shule yetu, ikifukiziwa ubani kama mwasisi wa kungfu yetu ya fimbo, na sisi wanawe tunaona aibu kubwa kuwaambia leo kwamba haikuwa kweli.

Alisoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1953 kwa kuwa bata walihitaji mtu. Mwaka 1960, akichunga nyuma ya nyumba ya Mzee Mạc Văn Lữ, mwalimu wa fimbo na baba yake Bi Sương, alimwomba amfundishe, akaambiwa arudi mwaka ujao, jibu ambalo kila mwanafunzi hupewa ili apimwe subira, lakini yeye aliliona ni dharau, hakurudi. Badala yake alijibanza nyuma ya ua wa mianzi, akachungulia misimu miwili, akafanya mazoezi mashambani kwa fimbo yake ya kuchungia, mpaka bata wakawa wanatawanyika kila alipoinyanyua.

Aliajiriwa kwenye tanuri la matofali kuanzia mwaka 1963 hadi 1998, tarehe 18 Februari 1967 akafunga ndoa na mama yetu, Bi Bùi Thị Nhạn, wakajaliwa watoto watatu, Hậu, Diệp na mimi Khoa ninayewasomea, na mwaka 1984 akafungua shule ya fimbo hapa hapa uani, akisema ni urithi wa babu yake.

Mwezi Mei 1986 alikuwa akionyesha fimbo hiyo sokoni, umati umemzunguka, na alipomaliza Mzee Lữ alisogea na kikapu chake cha mboga, akamwambia kwa upole, "Kijana, mguu wa nyuma umeupeleka mbali mno. Urudishe kidogo." Marehemu, ambaye makofi yalikuwa yamemvimbisha kichwa, akamjibu mbele ya watu wote, "Mzee, hii fimbo ya babu yangu, wewe umeijulia wapi? Nenda kacheze na wajukuu!" Watu wakaangua kicheko, Mzee Lữ akaondoka na kikapu chake, na wanafunzi wachache aliobaki nao wakahamia kwetu. Jioni ile ile, Mama akimtazama, marehemu aliurudisha mguu ule, na tangu siku hiyo sote tuliopita mikononi mwake tunaukanyaga pale pale aliposema Mzee Lữ.

Siku ya tatu ya mwaka mpya, ambayo ni ya kuwaamkia walimu, marehemu alikuwa akitoka alfajiri na jogoo wa kuchemsha na chupa ya pombe ya mchele, akifika kwenye tanuri, lililo njiani kwenda kwa Mzee Lữ, anageuza, na Mama akimpokea mlangoni, "Jogoo karudi tena, Baba Hậu? Huyo mwalimu wako hali kuku?" Naye hujibu, "Sikumkuta," kisha anavaa nguo nzuri na kukaa kupokea zawadi za wanafunzi wake mwenyewe. Mzee Lữ alipofariki mwaka 1991, marehemu alijifanya ana homa, hakwenda kuzika.

Mwaka 2019 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa ganzi, akatibiwa mjini Quy Nhơn, akarudishwa nyumbani, na wiki moja kabla ya kufariki hapo tarehe 14 Oktoba 2022, alimweleza dada yetu Hậu haya yote huku akilia, akasema, "Nilikuwa naogopa nini, mwanangu? Yule mzee angenikaribisha chai tu." Aliagiza yasomwe mbele yenu, na picha ya babu iondolewe madhabahuni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, na wafanyakazi wenzake wa tanurini mliochimba kaburi.

Mnajua jinsi jeneza linavyoshushwa upande wa kichwani mbele ya nyumba ya ukoo, ili marehemu apige magoti na kuwainamia wazee wake kwa mara ya mwisho. Juzi Hậu alikwenda kwa Bi Sương kuomba, kwa aibu, kama leo linaweza kupitishwa kwake pia, naye akasema, "Mleteni. Nitaitoa picha ya baba getini." Tunaondoka sasa, na tutapita tanuri bila kugeuza.

Inama kwanza, Baba, ndipo upumzike kwa amani.