Jirani Yetu wa Ng'ambo ya Mto

"Mgeni rasmi, mheshimiwa mbunge wetu Malachy Breslin, pole na safari ya kuuzunguka mto. Karibu Cloonagarry."

Dympna Tully alikuwa akisoma risala ya wakazi. Mgeni alikuwa amechelewa sana kuja kuzindua paa jipya la ukumbi wa parokia, na chai ilikwisha poa.

Historia yetu

"Tumekupa kura tangu ulipokuwa diwani. Walikuja wagombea wenye akili kukushinda, tukawanywesha chai tukawaaga. Sera zako hatukuzisoma. Tulichojua ni kwamba tukisimama mlangoni tunauona moshi wa jiko lako ng'ambo, na fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Kweli tupu!" akadakia mzee Fintan kutoka nyuma.

Mafanikio

"Barabara ya lami tumeipata. Ni nzuri mno. Inaishia getini kwako."

Watu wakaangua kicheko. Mbunge naye akacheka, akiwa wa mwisho kuanza.

Changamoto

"Tangu mafuriko yabebe daraja, tunakuona kwa macho tu. Kanisa liko upande wako. Marehemu Packie Tully alichelewa mazishi yake mwenyewe, na wewe uliyekwenda kutoa pole ukafika kabla ya jeneza."

"Packie hakuwahi kuwahi popote!" Fintan akasema, na ukumbi ukacheka tena.

Dympna hakucheka. Packie alikuwa baba yake. Habari za gari la wagonjwa, lililouzunguka mto hadi moyo wa mzee ukachoka kungoja, hakuziandika. Angelia, na hakutaka kumlilia mtu huyu.

Ombi

"Daraja hatuombi tena, tumeliomba hadi ndimi zimeota sugu. Tunaomba uhamie kwetu. Nyumba ya marehemu iko wazi. Ukishindwa, kura zetu usizihesabu. Sisi humchagua jirani, na safari hii jirani wa upande huu anagombea. Ndiye huyu anayekusomea.

Mungu akujalie afya, akurudishe salama kwa njia ile ile ndefu. Ni sisi wako, wakazi wa Cloonagarry, upande usio na lami."

Makofi yakatikisa paa jipya. Mbunge akavitazama viti, vyote vimejaa, kisha akamwinamia Dympna.

"Hivi, Dympna," akanong'ona, "nyumba ya mzee inavuja?"

"Haivuji, Malachy. Ila uombe usiugue ukiwa humo."